Kopo la Sita Halikuwa na Fundo

Alabio, 2 Machi 2011

Galuh wangu, kibinti changu,

Mungu akutunze wewe na alitunze paa linalokulaza huko Balikpapan. Mimi mzima. Goti la kulia bado linalia kwenye ngazi, la kushoto limenyamaza, sijui limepona au limekata tamaa. Vifaranga vya bata vimeanguliwa arobaini na viwili, kimoja kina mguu uliopinda, nacho ndicho kinachokula kuliko vyote. Mchumba wako Syahrani alipita juzi kunipigilia mbao za jikoni. Kazi nzuri, lakini alikula samaki wangu wawili wa kuchoma, kwa hiyo hanidai na simdai.

Anayeandika ni Bi Norsehan, dada yake mama mkwe wako. Unajua darasa sikulikanyaga, na simu kwangu ni nyuki ndani ya chupa. Kwa hiyo ukinijibu, ujue nani atakayenisomea. Hapa amecheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka.

Sasa jambo lenyewe. Jumatano nilikaa sokoni na sinia langu la poda baridi tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nimeuza vifurushi vitatu. Vitatu, Galuh. Mchele niliuloweka mwenyewe mpaka ukachacha, nikausaga, nikauviringa vidonge, nikauanika na majani ya mkadi siku nne. Wanawake niliowapaka poda hiyo wakiwa wachanga sasa wananipita na vikopo vya dukani, tena wanasimama kuniuliza: "Bibi Jumrah, hiki kizuri?" Nitajuaje? Nikisema kibaya, watasema nina wivu. Nikisema kizuri, nimefunga biashara yangu kwa mdomo wangu.

Wewe unauza vitu hivyo kutwa. Niletee vile vya bei ya chini vinavyopendwa, visizidi bei ya mayai kumi ya bata, maana mke wa mkulima hawezi zaidi ya hapo. Nitavipaka usoni mwangu, kila kimoja siku saba, halafu nitasema kipi cha kwanza na kipi cha mwisho. Uso wangu una miaka sabini na moja. Haumbembelezi mtu.

Usiniandikie majina, weka alama ninayoweza kuisoma kwa vidole. Na watu wa Syahrani wanaomba picha yako mpya ya kadi ya harusi. Bi Norsehan amenikumbusha hapa, basi na mimi nimekukumbusha.

Ni mimi Bibi yako. Hicho cheusi hapo chini ni kidole gumba changu.


Balikpapan, 30 Machi 2011

Bibi yangu,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa goti linalolia na kwa lile lililokata tamaa. Salamu kwa Bi Norsehan anayekusomea, namshukuru kwa mwandiko wake mzuri. Mimi sijambo. Huku joto limezidi, chumba chetu kina dirisha moja na linatazama ukuta. Nimekula supu ya kuku ya kwetu kwa mama mmoja wa Amuntai aliyefungua mgahawa, lakini mdalasini wake ni wa kuhesabu.

Mzigo nimeupa basi la Ijumaa. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kila kitu, hesabu mafundo. Fundo moja ni sabuni ya papai, hiyo inaondoka dukani kuliko mkate. Mafundo mawili ni losheni ya bengkuang, kile kiazi cheupe tunachokula na pilipili. Matatu ni maji ya waridi. Manne ni jeli ya mshubiri, usishtuke inavyoteleza. Matano ni mafuta ya kukinga jua, hayo upake asubuhi kabla ya kutoka. Vyote ni vya bei uliyosema. Losheni imezidi kidogo, yai moja hivi.

Sema ukweli kama ulivyo, Bibi, hata kama ni mbaya. Wateja wetu wananiuliza kila siku nami nasema tu yaliyoandikwa kwenye boksi.

Mwezi wa tano sitaweza kuja. Dukani tumebaki wawili. Picha nitatuma. Nisamehe kama mzigo haukukaa vizuri, niliufunga wakati wa kufunga duka, taa zinazimwa.

Mjukuu wako,
Mahrita


Alabio, 29 Mei 2011

Galuh,

Marahaba. Umesubiri, najua. Kazi ya uso haina haraka.

Wa kwetu wote wazima. Yule kifaranga wa mguu uliopinda sasa ndiye mkubwa wao, anawapiga wenzake. Bi Norsehan yupo hapa na miwani mipya. Anasema amekuwa akinitazama wiki saba kama mtu anayetazama ugomvi wa jirani.

Sikiliza sasa. Naanza na wa mwisho.

Wa mwisho ni sabuni ya papai. Siku ya pili ngozi ilinikaza kama ngozi ya ngoma, nikicheka nasikia inalia. Lakini usiitupe. Kwa kuoshea mikono baada ya kuparua samaki, haina mpinzani. Nimewaambia wanawake wanunue, waiweke jikoni.

Kabla yake ni losheni ya kiazi. Inanukia kama harusi ya watu wengine. Siku saba nimepaka, siku saba uso ukabaki uleule. Haikunidhuru, haikunisaidia. Ina tabia ya mume wa Saniah wa pale sokoni.

Juu ya hiyo ni maji ya waridi. Mazuri ukitoka shambani, yanapoza. Nilitia kidogo kwenye mikate ya mchele, Bi Norsehan akala minne halafu akauliza nani amekufa, maana yananukia sanda. Usoni, mazuri.

Kisha jeli ya mshubiri. Hiyo kweli inateleza kama kambale, lakini moto wa kikaango uliponirukia mkononi niliipaka na usiku nikalala. Ingekuwa ya pili. Ya pili ni poda yangu. Sijipendelei. Kwa joto na kwa vipele hakuna kinachoishinda, na bei yake haifiki yai moja.

Ya kwanza ni mafuta ya mafundo matano. Imeniuma kusema. Nilipaka shavu moja mafuta, shavu la pili poda, nikapanda mpunga tangu asubuhi. Jasho liliosha poda ikateremkia shingoni. Upande wa mafuta ukabaki ulivyotoka nyumbani. Jumatano nilisema hivyo sokoni, mbele ya sinia langu mwenyewe. Saniah akasema, "Bibi, wewe mfanyabiashara gani?" Nikamwambia, "Mfanyabiashara mwenye mashavu mawili." Nikauza vifurushi kumi na tisa.

Halafu kuna la sita. Mzigoni mlikuwa na kopo dogo la njano, halina maandishi, halina fundo. Nadhani liliingia kwa bahati mbaya, la mteja yeyote huko dukani. Mimi nikaona ni zawadi, nikalipaka shavu la kushoto. Siku ya nne shavu liling'aa kama yai lililomenywa. Wanawake wakasema nimekuwa msichana, nikafurahi, sikufichi. Siku ya tisa likaanza kuwasha, jua likiligusa linachoma. Nikatazama kidole ninachopakia. Pete ya babu yako imepauka, imekuwa rangi ya bati.

Babu yako alichenjua dhahabu Cempaka miaka kumi na minane. Najua ni kitu gani kinachoifanya dhahabu kuwa nyeupe. Ni zebaki. Alikufa hawezi kushika kikombe bila kumwaga. Sikujua wanaitia watu usoni pia.

Kopo nimelifunga kwenye mfuko, liko juu ya kabati. Mwambie mteja wako aache. Hayo tu kuhusu kopo.

Picha bado. Na kumbuka bibi harusi anafukizwa mvuke kabla ya siku yake, na wanawake wa kwa mume ndio wanaomvika. Harusi ni katikati ya Mfunguo Mosi. Uje mapema.

Bibi yako


Balikpapan, 11 Julai 2011

Bibi,

Shikamoo. Salamu kwa wote na kwa Bi Norsehan. Nimechelewa kujibu, kazi zilinizidi.

Shavu lako likoje? Kopo la njano ni la mteja, ulivyosema. Lifukie mbali na mabata na usilishike tena. Shavu limepoa? Usitoke juani. Kama bado linawasha nenda zahanati, usingoje.

Nimefurahi poda imeuzika.

Picha, kamera ya mwenzangu imeharibika. Halafu nimefikiria, huko kufukizwa mvuke tuachane nako. Ni mambo ya zamani, na mimi joto siliwezi siku hizi. Nitapambwa hukuhuku Balikpapan kwa mtu ninayemjua, nije nimekwisha kupambwa, shela usoni. Waambie hivyo watu wa Syahrani.

Nijibu kuhusu shavu.

Mahrita


Alabio, 20 Julai 2011

Galuh,

Barua hii haikuandikwa na Bi Norsehan, tazama mwandiko. Nimekuja zahanati. Anayeandika ni muuguzi Hamsiah aliyenitibu shavu. Nilimuuliza, "Binti, una shangazi hapa Alabio? Una wifi?" Akasema, "Bibi, mimi natoka Kandangan. Hapa sina hata paka." Nikamwambia kaa, chukua kalamu.

Shavu langu limepona, limebaki doa la ukubwa wa kokwa ya embe. Nimeanza na hilo kwa sababu umeliuliza mara tatu. Goti hukuliuliza hata mara moja. Mabata hukuyauliza. Mimi nimekulea tangu una miaka minne, siku tuliyomzika mama yako. Unapovunja sahani huwa unaniuliza kama nimekanyaga kigae.

Kopo la mteja haliuzwi likiwa limechotwa nusu. Lile lilichotwa na kidole chembamba, na kwenye kifuniko ulinaswa unywele mrefu. Niliuona siku niliyolifungua. Sikumwambia Norsehan auandike.

Kwa hiyo najua. Sikuulizi kama ni lako. Nakuuliza uso wako uko vipi leo.

Hamsiah anasema uache leo hii, si kesho. Anasema ukiacha utawaka zaidi kwanza, wengi hapo ndipo wanapoogopa na kurudia. Usirudie. Nenda hospitali kwa daktari wa ngozi, wakupime na mkojo, maana zebaki haikai usoni tu, inashuka kwenye figo. Anasema bibi harusi watatu wamekuja kwake mwaka huu. Nikamuuliza, "Watatu wote wajinga?" Akasema, "Hapana Bibi, watatu wote walitaka kupendwa." Ameandika hilo shingo upande, eti hakulisema liandikwe.

Nijibu hapa zahanati, kwa jina lake. Atanisomea mimi peke yangu, mlango umefungwa. Harusi isikutishe. Nina mjukuu mmoja, wanaume wako tele.

Mimi


Balikpapan, 2 Agosti 2011

Bibi,

Shikamoo. Leo ni Ramadhani ya pili. Nimefuturu kwa chai na tende, nikasema nikuandikie kabla sijaghairi.

Ni langu. Nimelitumia tangu mwezi wa kumi mwaka jana. Kopo lile lilipopotea nilinunua jingine siku ileile, sikujua limeingia kwenye mzigo wako mpaka uliponiandikia. Siku niliyosoma habari ya shavu lako nililia dukani, nikamwambia mwenye duka ni vumbi. Ndiyo maana barua ilichelewa. Niliandika nne nikazichana. Ningekuambiaje, na anayekusomea ni yeye?

Uso wangu mwekundu, Bibi. Mashavuni mishipa inaonekana kama uzi. Nikinawa hata maji ya bomba nasikia pilipili. Kwenye taya kumetokea weusi ambao sikuwa nao tangu nizaliwe. Dukani navaa kitambaa cha mdomo, nasema ni moshi wa malori ya makaa. Wateja wananiuliza, "Dada, wewe unapaka nini?" Mimi nawapanga vikopo kwenye rafu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na changu hakipo kwenye rafu.

Nitakuambia kilichonipeleka huko. Siku ya posa, wanawake wa kwa Syahrani walikuwa jikoni kwako wanapakua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nabadili nguo. Nikasikia mmoja anasema, "Mweusi kama tako la sufuria. Picha za harusi zitabidi zipigwe saa sita mchana ili aonekane." Wakacheka wote. Sikuona ni nani. Nadhani ni mama mkwe. Nikatoka, nikawapa mikono, nikawabusu mikono, mmoja mmoja.

Niliacha siku barua yako ya zahanati ilipofika. Nimekwenda hospitali, mkojo wamechukua, majibu wamesema figo bado salama lakini nirudi baada ya miezi mitatu. Daktari alinipa mafuta mepesi na ya kukinga jua. Yaleyale ya mafundo matano, Bibi. Nilitaka kumwambia, "Bibi yangu aliyapa nafasi ya kwanza kabla yako."

Wakiniona hivi watasema mali imeharibika. Syahrani hajui. Akipiga simu naongea naye gizani, kana kwamba ataniona. Nampenda. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Kama ni kuwaambia, waambie wewe. Mimi sina mdomo wa kusema hili kwa mtu aliyenicheka.

Mahrita


Alabio, 16 Agosti 2011

Mahrita, mjukuu wangu,

Nakuita kwa jina lako ili Bi Norsehan aliandike vizuri. Ndiye anayeandika. Nimemwita baada ya tarawehe, nimempa chai, nimemwambia leo barua itakuwa ndefu na asiache neno hata moja. Ameahidi. Hajui bado ni maneno gani.

Huku wazima. Vifaranga nimeuza thelathini.

Bi Norsehan, andika: barua yako ya zahanati nimesomewa, na kopo la njano lilikuwa la Mahrita.

Kalamu imesimama. Nimemwambia andika.

Andika kwamba mtoto huyu alipaka zebaki usoni miezi kumi. Andika kwamba uso wake sasa ni mwekundu na umechubuka, na pembeni umefanya weusi, na maji yanamuuma. Andika kwamba hakuwa na wazimu. Siku ya posa, katika jiko langu, akila wali wangu, mgeni wangu alisema mweusi kama tako la sufuria, na wenzake wakacheka, na mtoto yuko nyuma ya pazia.

Ananiuliza ni nani aliyesema. Nimemjibu, Mahrita anadhani ni dada yako. Mimi nilikuwa nje nakaanga, sikusikia. Ningesikia tusingekula.

Ameweka miwani chini. Chai yake inapoa. Namngoja.

Ameivaa tena. Tunaendelea.

Mahrita, uje kabla ya Idi. Usije umepambwa. Usije na shela usoni. Shuka kwenye basi na uso huohuo. Nitakungoja kituoni, na atakayekukodolea macho atanitazama mimi kwanza, na mimi doa ninalo. Mvuke wa majani tutauacha, Hamsiah amekataza joto, wala si kwa sababu ni mambo ya zamani. Hata poda yangu tutaiacha, ngozi iliyochubuka haitaki mchele uliochacha. Biashara ni biashara, wewe ni wewe.

Syahrani mwambie mwenyewe, kwa simu, leo au kesho, kabla habari haijavuka daraja. Washa taa unapomwambia. Akisema neno baya hutakuwa umepoteza mume, utakuwa umeokoa mabata yangu makubwa sitini niliyopanga kuyachinja. Akisema neno jema mwambie mbao za ngazi nazo zimelegea.

Mali imeharibika, umesema. Usiniandikie tena neno hilo. Sikulea mali.

Nimemaliza. Bi Norsehan anaomba nafasi iliyobaki chini ya karatasi aandike lake. Nimempa. Anaandika polepole kuliko alivyoandika langu. Nimemwambia anisomee, amekataa. Basi.

Bibi yako


Mahrita,

Haikuwa dada yangu. Ni mimi niliyesema, na niliyeanza kucheka ni mimi. Mkono wangu ulishika kalamu mara mbili kukuandikia kuhusu picha, nami nilikuwa nimekwisha kusahau nilichosema. Wewe hukusahau.

Kumvika bibi harusi katika nyumba yetu ni kazi yangu, kama ilivyokuwa ya mama yangu. Siku hiyo nitakuosha uso kwa maji baridi, kwa mkono wangu, kama utaniruhusu. Ukikataa nitakaa nje nipakue wali, na nitawaambia watu kwa nini niko nje.

Bibi yako hajui kusoma. Kumsomea haya au kutomsomea, ni juu yako.

Norsehan